Kuja Dar na watoto wa rika tofauti: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila shule zinapofungwa, Juni na Desemba, familia nyingi kutoka bara huja Dar es Salaam kutembea. Wengi ni wazazi wenye mtoto wa kubebwa, mwingine wa shule ya msingi na mwingine wa sekondari, na maswali yao yanafanana sana. Nimeyakusanya hapa na kuyajibu kwa kirefu kadiri yanavyostahili. Majibu mengi yanasimama juu ya jambo moja: saa za safari zipangwe kwa kufuata mwili wa mtoto mdogo, na uchaguzi wa mahali pa kwenda apewe nafasi mtoto mkubwa. Wazazi wengi hufanya kinyume. Humkokota mdogo kwa ratiba ya watu wazima, na mkubwa humwambia tu "panda gari twende."

Mmoja ana miaka 2, wa kati 7, mkubwa 14. Kuna mahali panapowafaa wote watatu kwa pamoja?

Pako, tena pa bei ndogo kuliko watu wanavyofikiri.

Ningeanza na Kijiji cha Makumbusho, kando ya barabara ya Bagamoyo, karibu na kituo cha daladala cha Makumbusho. Ni uwanja wenye miti na kivuli, na ndani yake zimejengwa nyumba za asili za makabila mbalimbali ya Tanzania kwa ukubwa wake halisi: msonge wa Wahaya, tembe la Wagogo, nyumba ya Wazaramo na nyingine nyingi. Mdogo anakimbia kwenye mchanga bila kuogopa gari. Wa miaka 7 anaingia kila nyumba, anainama mlangoni, anauliza ng'ombe walilala wapi. Mkubwa mpe kazi: atafute nyumba ya kabila la babu yake mzaa baba na ya babu yake mzaa mama, asome maelezo, kisha awaeleze wadogo zake. Familia ya kutoka Dodoma ikisimama mbele ya tembe, baba huwa na mengi ya kusimulia kuliko kibao chochote. Siku za ngoma ni nzuri zaidi, kwa hiyo ulizia mapokezi lini wanacheza.

Pa pili ni Kivukoni. Pandeni basi la mwendokasi hadi kituo cha mwisho, tembeeni mpaka soko la samaki la Feri, kisha pandeni pantoni kwenda Kigamboni na kurudi. Kuvuka ni dakika chache tu, na kwa mtoto aliyekulia mbali na bahari dakika hizo ni safari kamili: meli kubwa zinaingia bandarini, magari yamo ndani ya chombo, na jiji linaonekana lote upande wa pili. Nendeni baada ya saa nne asubuhi, watu wa kazini wakishapungua. Asubuhi na mapema na jioni watu husongamana mno kwa mtoto wa kushikwa mkono. Sokoni wavalisheni viatu vya kufunika vidole, maana chini kuna maji na magamba ya samaki.

Pa tatu ni baharini, lakini hapo nitapaeleza peke yake chini.

Tukae siku ngapi?

Siku nne kamili zinatosha, bila kuhesabu ya kufika na ya kuondoka. Kila siku mfanye jambo moja kubwa asubuhi na moja dogo jioni, basi. Mchana katikati ni wa kula, kulala na kukaa kwenye feni.

Najua ratiba hiyo inaonekana ya uvivu kwa mzazi aliyelipa nauli ya watu watano. Lakini jua la Dar, unyevu wa hewa na foleni huchosha watoto wa bara haraka kuliko wanavyozoea kwao. Mtoto wa miaka miwili aliyekosa usingizi wa mchana ataharibu jioni ya kila mtu, na mkubwa ndiye atakayekasirika zaidi.

Miezi gani ni mizuri?

Juni hadi Agosti. Joto limepungua, upepo wa kusi unavuma, mvua ni chache. Desemba watoto wana likizo ndefu lakini joto ni kali, na mvua za vuli huweza kuwa bado hazijaisha. Machi hadi Mei ni masika. Mvua kubwa ikinyesha, bonde la Jangwani hujaa maji na njia ya mwendokasi inayopita hapo hufungwa, hivyo msipange safari ya starehe miezi hiyo.

Mkija mwishoni mwa Juni au mwanzoni mwa Julai mtakutana na maonyesho ya Sabasaba, viwanja vya Mwalimu Nyerere barabara ya Kilwa. Miaka ya karibuni yameanza tarehe 28 Juni na kuishia 13 Julai. Mtoto wa sekondari atafurahia mabanda ya vyuo, mashine na bidhaa za nchi nyingine. Kwa mdogo ni vumbi, kelele na miguu ya watu. Nendeni siku ya kazi, saa tatu asubuhi, mtoke kabla ya saa saba. Tarehe 7 Julai yenyewe, kama mna mtoto wa kubebwa, bakini nyumbani.

Tuje kwa basi au kwa treni?

Kama mnatoka Dodoma, Morogoro au mnaweza kufika huko kwa urahisi, treni ya SGR, yaani ya reli mpya ya kisasa, bila kusita. Ilianza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro Juni 2024, na Dodoma Julai mwaka huo huo. Hufika kasi ya kilomita 160 kwa saa. Nauli za treni ya kawaida zilizotangazwa wakati huo zilikuwa shilingi 13,000 Dar hadi Morogoro na 31,000 Dar hadi Dodoma. Treni ya haraka ni ghali zaidi. Angalieni nauli ya sasa na ya watoto mnapokata tiketi.

Faida kwa wenye watoto si kasi peke yake. Choo kimo ndani, mtoto anaweza kusimama na kutembea kidogo, na hakuna kona za kumtapisha. Mkitoka Dodoma, mwambieni wa miaka 7 ahesabu mahandaki mnapopita maeneo ya Kilosa. Mtakuwa na amani njia nzima.

Mambo mawili msisahau. Tiketi za likizo huisha mapema, kata mara tu shule zinapotangaza kufunga. Na fika stesheni mapema, kwa sababu mizigo na abiria hukaguliwa na treni haimsubiri mtu anayembadilisha mtoto pampasi. Kila mtu mzima awe na kitambulisho mkononi, si chini kabisa ya begi.

Wa mikoa mingine watashukia stendi ya Magufuli, Mbezi Luis. Jueni kwamba Mbezi ni mbali na katikati ya jiji. Ukifika jioni na watoto wamelala, panga kabisa gari la kuwachukua, usianze kupatana bei pale getini ukiwa na mabegi manne.

Tukilala kwa ndugu, tunaendaje bila kuwaelemea?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, na nafurahi linapoulizwa. Familia nyingi hufikia kwa shangazi, kwa mjomba au kwa kaka mkubwa, na ni jambo jema: watoto wanajuana na binamu zao, na hilo huenda ndilo watakalolikumbuka kuliko bahari.

Semeni mapema mko wangapi, mnafika lini na mnaondoka lini. "Tutakuja kuja siku hizo" humfanya mwenyeji ashindwe kupanga. Njoo na kitu cha kwenu: mchele, karanga, zabibu za Dodoma, maharage. Siku ya pili nunua umeme wa LUKU bila kuuliza. Watu watano wa ziada na feni usiku kucha hula uniti nyingi, na mwenyeji wa heshima hatakuambia kamwe. Maji ya ndoo au ya kununua, vivyo hivyo. Wasichana wa sekondari wasaidie jikoni, na wavulana pia. Mvulana wa miaka 14 anaweza kuosha vyombo na kufagia uwanja.

Ratiba mueleze mwenyeji usiku uliotangulia. Hakuna jambo linalomuumiza mama mwenye nyumba kama kupika pilau ya watu kumi kisha wageni warudi saa mbili usiku wakiwa wameshiba chipsi.

Na tukilala nyumba ya wageni au hoteli?

Angalieni mahali kabla ya uzuri. Chumba cha kawaida karibu na mnakokwenda ni bora kuliko kizuri kilicho umbali wa saa moja na nusu za foleni. Kama mipango yenu ni bahari na Kijiji cha Makumbusho, tafuteni Sinza, Mwenge, Kijitonyama au Mikocheni. Kama ni katikati ya jiji, Kariakoo na Gerezani ni karibu na stesheni lakini pana kelele. Uliza maswali matatu kabla ya kulipa: chandarua kipo na hakina matundu? Umeme ukikatika kuna jenereta? Godoro la ziada la watoto linalipiwa?

Ndani ya jiji tutembee kwa nini?

Mwendokasi kwa safari ndefu za barabara ya Morogoro na katikati ya jiji, bajaji kwa safari fupi, gari la kuita kwa simu mkiwa watano na mizigo. Daladala ni rahisi na watoto huzipenda, ila si saa za watu kwenda na kurudi kazini. Kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri mtapata nafasi ya kukaa.

Bodaboda na mtoto, hapana. Najua kila mtu anafanya. Hata hivyo, hapana.

Bajaji ya kawaida ni ya abiria watatu nyuma. Mkiwa watano chukueni mbili, na kila moja iwe na mtu mzima mwenye simu na jina la mnakokwenda. Mdogo akae katikati, kamwe si pembeni pasipo mlango.

Tunataka watoto waione bahari. Waoge wapi, na saa ngapi?

Hapa nitakaa kidogo, maana wanaotoka bara huja na picha moja tu ya bahari kichwani, na bahari ya Dar hubadilika sura mara nne kwa siku.

Maji hujaa na kupwa, takribani saa sita kila upande, na kila siku saa hizo husogea mbele kwa karibu dakika 50. Siku za mwezi mpevu na za mwezi kuandama huwa ni bamvua: maji hujaa sana na hupwa sana. Pwani yetu siku hizo maji hukauka mbali kwenye saa nne asubuhi, kisha hujaa kwenye saa kumi alasiri. Katikati ya hapo, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, na tofauti ni ndogo. Kwa hiyo kabla ya kupanga siku ya bahari, angalieni mwezi au muulizeni mvuvi yeyote. Familia inayofika asubuhi ya bamvua hukuta mawe na majani, watoto wakauliza, "Bahari iko wapi?"

Kwa mdogo wa miaka 2, maji yaliyopwa ndiyo mazuri. Huacha vidimbwi vya maji ya vuguvugu vyenye kaa wadogo na konokono, na anaweza kukaa humo chini ya macho yako muda mrefu. Avae viatu vya mpira, maana kuna viumbe wenye miba mirefu myeusi kwenye mawe. Kwa mkubwa anayejua kuogelea, maji yanayojaa taratibu mahali penye mchanga ni salama zaidi kuliko yanayoondoka, kwa kuwa yanayoondoka humvuta mtu kwenda nje. Na kujua kuogelea mtoni au kwenye bwawa hakumfanyi kuwa muogeleaji wa baharini. Awe na mtu mzima ndani ya maji, si mtu mzima anayeangalia simu kivulini.

Coco Beach, Oysterbay, haina kiingilio. Kuna mihogo ya kukaanga, mishkaki, madafu. Ni pazuri kwa jioni, kukaa na kula na kupigwa upepo. Kwa kuoga si chaguo langu kwa wadogo, kwa sababu ya miamba na mashimo yake. Jumapili jioni hujaa watu kiasi cha mtoto kupotea mara moja, kwa hiyo nendeni siku ya katikati ya wiki.

Visiwa vya Mbudya na Bongoyo ni hifadhi za bahari, na maji yake ni safi sana. Boti za Mbudya huondokea upande wa Kunduchi, za Bongoyo upande wa Msasani. Mtalipa boti na kiingilio cha hifadhi. Kwa familia yenye mtoto mdogo nachagua Mbudya, safari ya boti ni fupi. Ondokeni asubuhi bahari ikiwa tulivu. Alasiri upepo huongezeka na kurudi huwa na mawimbi. Usipande boti mpaka kila mtoto awe amevaa jaketi okozi linalomkaa. La mtu mzima kwa mtoto wa miaka 7 humtoka kichwani akiingia majini. Kama hawana la watoto, subirini boti nyingine, hata kama wengine wamekwisha panda na wanawatazama.

Mabwawa yenye mitelezo ya Kunduchi ni siku nzima ya furaha kwa wa miaka 7 na 14. Mdogo ana sehemu yake ya maji ya kina kifupi, lakini mzazi mmoja atakuwa naye muda wote. Kubalianeni zamu kabla ya kuingia.

Kijana wetu wa sekondari hataki kwenda popote na sisi. Tufanyeje?

Mpe siku moja iwe yake. Achague mahali, atafute njia, apange saa, ashike fedha za nauli, na nyote mumfuate. Mara nyingi anayekataa ni mtoto aliyechoka kuchukuliwa kama mzigo pamoja na mdogo wake.

Kama hana wazo, haya hapa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani: kutembea tu chini ya miti ile na kuuona Ukumbi wa Nkrumah, uliokuwa umechorwa kwenye noti ya zamani ya shilingi 500, kumewapa vijana wengi sababu ya kusoma. Chuo kilianza mwaka 1961 na kikawa chuo kikuu kamili 1970, na Mwalimu Nyerere ndiye aliyekuwa mkuu wake wa kwanza. Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert, yana habari za fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, alilolifukua Mary Leakey Olduvai mwaka 1959, magari ya viongozi likiwemo Rolls-Royce la enzi za gavana, na kumbukumbu ya mlipuko wa ubalozi wa Marekani wa 1998. Hilo la mwisho mzazi alieleze mwenyewe, kwa utulivu. Wachoraji wa Tingatinga wako Morogoro Stores, Oysterbay, na unaweza kukaa ukawatazama wakifanya kazi.

Kama ni mpenzi wa mpira, baba au mjomba ampeleke mechi ya ligi, uwanja wa Mkapa au Chamazi, wadogo wakiwa wamelala. Gawanyikeni bila kuona vibaya. Safari ya familia haina sharti la kuwa pamoja kila dakika. Ila mechi ya Simba na Yanga iachwe kwa siku ambayo hakuna mdogo wa kubebwa.

Mtoto wa mwaka mmoja: kigari au mbeleko?

Mbeleko, au khanga mbili nzuri. Njia za waenda kwa miguu hukatika, zina pikipiki na mashimo ya mitaro yaliyoibwa mifuniko, na kigari kitakuwa mzigo wa baba. Hotelini au kwenye maduka ya Mlimani City kitafaa, kwingine hapana. Khanga ya pili ni kivuli, shuka, taulo na pazia la kunyonyeshea.

Watoto wakichoka kula chakula cha nje?

Kila siku mlo mmoja uwe wa kawaida yao: wali maharage, ugali samaki, uji. Mama ntilie wazuri wako kila mtaa. Chagua mwenye foleni ya wafanyakazi saa saba mchana, chakula chake ni cha moto na hakilali. Vya moto vilivyokaangwa mbele yako ni salama. Juisi za kwenye ndoo na matunda yaliyokatwa tangu asubuhi, usimpe mdogo. Beba chumvi za kuongeza maji mwilini (ORS) na kadi za bima ya afya.

Mtoto akipotea?

Jiandaeni kabla. Kila asubuhi mpigeni picha wote kwa simu, ili mjue walivyovaa. Andika namba mbili za simu kwa kalamu ya wino ndani ya mkono wa mdogo. Wa miaka 7 ajue kwa kichwa jina kamili la mama na baba na namba moja. "Mama Neema" halimsaidii askari kumtafuta mtu Kariakoo. Mfundisheni akipotea asimame pale pale, asiwatafute, na amwendee mama mwenye meza ya biashara au mwenye watoto.

Kariakoo yenyewe msiende na wote watatu. Mama na mkubwa wanatosha.

Polisi ni 112. Huduma ya simu kwa mtoto ni 116.

Mvua ikitunyeshea siku nzima?

Makumbusho ya Taifa asubuhi, kisha nyumbani na karata, bao au hadithi za shangazi.

Tukiwa Dar, tuunganishe Zanzibar kwa siku moja?

Na mtoto wa miaka 2, nasema hapana. Boti ya kasi huchukua karibu saa mbili kila upande, kuna kuwahi bandarini, foleni na bahari inayotapisha, na mtabaki na saa chache za jua la mchana Mji Mkongwe. Ama mlale usiku mmoja au miwili, ama muiache kwa safari nyingine. Mkienda, pandeni boti ya asubuhi, watoto wale kitu kikavu kama mkate saa moja kabla, na mkae nyuma na chini, ambako chombo hakiyumbi sana.